Kikapu cha Kuokotea Jiwe Kina Bei, Itajwe

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yangu ni kufungua pakiti. Daktari akitoa jiwe la figo kupitia njia ya mkojo, huomba waya mwembamba wa kuongoza njia, uzi wa leza wa kulivunja jiwe, kikapu kidogo cha kuokotea vipande, na mwishowe mrija unaoachwa ndani kwa muda ili mkojo upite. Vingi ni vya kutumika mara moja. Pakiti ikishachanwa, imeshaingia kwenye bili.

Madaktari wawili, jiwe la ukubwa uleule, bili mbili tofauti. Mmoja hufungua kikapu kabla hajajua kama atakihitaji. Mwenzake hulisaga jiwe mpaka vumbi, likatoka na mkojo. Sisemi rahisi ndiyo bora: waya mbovu unaweza kumtoboa mtu ndani. Lakini muulize daktari bei ya kikapu, atacheka tu.

Bei zibandikwe ukutani, pale tunaponawia mikono. Nawe ndugu unayemuuguza mgonjwa, dai bili iliyochanganuliwa kifaa kwa kifaa.