Urefu Si Kipimo cha Sentensi

Mwalimu amwambiaye mtoto kuwa sentensi fupi ya Kiingereza ni sahili, na ndefu ni ambatano, amempa mizani mbovu. "Amina and her mother sold fish in the market at Lamu on Friday morning" ina maneno 14, nayo ni sahili, kwani kitenzi chake ni kimoja. "Amina sang and Juma danced" ina maneno 5 tu, nayo ni ambatano: ondoa "and", na kila upande husimama peke yake.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuidharau lugha aliyokuja nayo mtoto. Kiswahili husema, "Alikwenda sokoni akanunua samaki akarudi." Kiunganishi hakimo, "ka" imefanya kazi yote. Basi mtoto huyo aandikapo, "He went to the market, he bought fish, he came back," mwalimu humwaga wino mwekundu na kumwita mzembe. Nami nalifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, tena kwa fahari! Mzembe ni nani hapo? Mtoto amefuata kanuni anayoijua; mwalimu hakuitambua.

Udhuru wa kukosa wakati siukubali. Andika sentensi hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, kisha uliza "ka" imekwenda wapi. Darasa litaitafuta "and" lenyewe, na kipindi hakitakuwa kimefika nusu.