Bunkeya isingoje tarehe 20 Desemba

LUBUDI – Kila siku malori yenye kubeba shaba yanapita Tenke na Fungurume, yakielekea Likasi, Lubumbashi na mpakani Kasumbalesa. Vijana wa teritwari ya Lubudi wanayajua vizuri malori hayo. Wanajua bei ya tani, wanajua mabariera, wanajua na saa za foleni. Lakini ukiwauliza ni nani aliyekuwa anauza shaba hii mbele ya Wabelgiji kufika, wengi wananyamaza. Na jibu liko katika teritwari yao wenyewe, kaskazini ya barabara hiyo: Bunkeya.

Bunkeya inajulikana kwa jina, lakini wanaoitembelea ni wachache. Mara moja kwa mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakumbuka kifo cha Mwenda Msiri, aliyeuawa siku kama hiyo mwaka 1891. Wageni wanafika, ngoma zinapigwa, hotuba zinatolewa. Kisha kila mtu anarudi kwake na mji unabaki kimya hadi mwaka unaofuata.

Hilo ndilo linalopaswa kubadilika. Lualaba inahitaji safari za siku moja kwenda Bunkeya, zenye utaratibu, zenye waongozaji wa pale pale waliofunzwa, na zisizongoja sikukuu. Tena Desemba ni mwezi wa mvua, barabara za udongo ni tope tupu. Safari za wanafunzi na familia zingefaa zaidi kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi. Anayetoka Fungurume au Likasi anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa anayetoka Kolwezi siku ni ndefu, lazima aamke mapema sana.

Atakwenda kuona nini? Swali hilo linaulizwa mara nyingi, kwa sababu watu wanafikiri historia ni majengo ya mawe tu. Kweli, Bunkeya haina ngome kama Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593. Mji wa Msiri ulikuwa wa miti, udongo na majani, vijiji vingi vilivyozungushiwa boma, na baada ya kifo chake watu walitawanyika. Lakini ardhi ipo, makaburi ya wafalme yapo, Mwami na wazee wake wapo. Mahali kama hapo mwongozaji ni wa lazima kuliko mahali penye kuta. Ukuta unaweza kujisemea kidogo. Uwanja mtupu hausemi kitu bila mtu wa kuusimulia.

Na masimulizi yake ni makubwa. Msiri alitoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, akifuata njia ya baba yake Kalasa aliyekuja huku kutafuta shaba. Katika miaka ya 1880 Bunkeya ilikuwa soko la kukutanisha pande mbili za Afrika. Misafara ya mashariki ilitoka pwani ya Zanzibar, ya magharibi ilitoka Benguela, Angola. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilitoka. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia. Kiswahili kilisikika sokoni Bunkeya mbele ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kuanzishwa mwaka 1910, na mbele ya Kolwezi kuanzishwa mwaka 1937. Mtoto wa Kolwezi anayedhani lugha yake ililetwa na kampuni za migodi peke yake angesikia jambo jipya.

Angesikia pia habari za shaba yenyewe. Wafuaji wa zamani walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa, wakavuta mivukuto. Ile misalaba ya shaba iliyotumika kama mali katika nchi hii ndiyo iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Kazi ya shaba haikuanza na mashine za wageni.

Kisha mwisho wake. Mnamo Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili, ulifika Bunkeya. Wabeba mizigo na askari wake wengi walitoka Zanzibar na pwani. Msiri alikataa kujiweka chini ya bendera ya Leopold. Tarehe 20, katika kijiji cha Munema, Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi, na Bodson mwenyewe alijeruhiwa pale pale hata akafa. Wazee wa Bayeke wanasimulia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, na nchi nzima ilisimama. Swali la kichwa cha Msiri linastahili kusikilizwa na watu wengi kuliko wale wanaofika siku moja ya Desemba.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazipaswi kudharauliwa. Wa kwanza wanasema: Msiri aliuza watu, kwa nini apelekewe watoto? Wengine, hasa kati ya Basanga, wanakumbuka kwamba Bayeke walikuja kama wageni wakatawala kwa nguvu, na kwamba Basanga waliinuka dhidi ya Msiri hata kabla ya Stairs kufika. Yote ni kweli. Ndiyo maana safari lazima ziwe na waongozaji wazuri, si waimba sifa. Mwongozaji wa Bunkeya aseme habari za mfalme aliyekataa bendera ya kigeni, na habari za watu waliofungwa minyororo na kuuzwa katika soko lake. Kama inawezekana, mzee wa Kisanga naye apewe nafasi ya kusimulia. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi mwaka 1958, na leo wanafunzi wa Kenya wanaingia humo kujifunza. Mahali pa uchungu panaweza kufundisha kuliko mahali pa raha, sharti pasifichwe kitu.

Wa pili wanasema: barabara kwanza, maji kwanza, dawa kwanza. Nao wana haki. Lakini mgeni analeta pesa ndogo zinazobaki kijijini: anakula bukari na sombe kwa mama wa pale, anamlipa mwongozaji, ananunua mkeka, anapanda motari. Shaba inapita ndani ya lori, mgeni anasimama. Na mahali wageni wanapofika kila wiki, hata barabara inapata wa kuisemea.

Pesa za kuanzia si nyingi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji. Jamii hizo zinaweza kuomba sehemu ndogo ya pesa hiyo ilipe usafiri wa wanafunzi wao. Viongozi wa kimila wachague vijana kumi, wake kwa waume, wakae na wazee na kuandika wanayosimulia. Jimbo liweke vibao njiani na bei moja inayojulikana, ili mgeni asitozwe mara tatu na watu watatu. Shule za Lubudi, Fungurume na Kolwezi zipange siku moja ya kiangazi, mwalimu wa historia akiwa mbele.

Neno la kuharakisha ni lile la wazee. Shaba iliyo ardhini itangoja. Mzee anayejua njia ya msafara ilipita wapi, na boma la nani lilisimama wapi, hawezi kungoja. Akizikwa bila kijana aliyemsikiliza, hakuna mashine itakayochimba tena alichokijua. Tarehe 20 Desemba ibaki siku ya kumbukumbu. Siku nyingine za mwaka ziwe za kujifunza.