Baba wa Kwenye Simu

Najua mwezi huu nilipaswa kuandika kuhusu michango ya harusi, na barua pepe zenu nimezisoma zote. Leo naomba mniazime ukurasa huu kwa jambo la nyumbani kwangu. Michango ya harusi Tanzania hii haiishi, tutaikuta mwezi ujao.

Wengi mnajua kwamba mke wangu ni mwalimu wa sekondari na kituo chake cha kazi kiko Same, mkoani Kilimanjaro. Mimi kazi yangu ya uhariri iko Dar. Katikati yetu kuna zaidi ya kilomita 400 za lami: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, ndipo ufike. Binti yetu ana miaka miwili na nusu na anaishi na mama yake. Mimi ni baba wa mwisho wa mwezi, na kuna miezi inayoisha bila mimi kuonekana.

Basi bwana, jioni moja nikateremka stendi ya Same na mikate mkono mmoja, mkono mwingine mdoli mkubwa kuliko mwenye kuletewa. Nafika nyumbani, mtoto ananitazama, halafu anajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Nikasema moyoni, kawaida, watoto ndivyo walivyo. Nikakaa kwenye kochi. Baada ya dakika kama kumi akatoka mafichoni, akaenda mezani, akachukua simu ya mama yake na kumpelekea.

"Mama, mpigie baba."

Yaani mimi nimekaa pale, hatua mbili tu, na mtoto anaomba apigiwe baba!

Mke wangu akacheka, dada wa kazi akacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Nilikuwa nimeelewa kwamba kwa binti yangu, baba ni uso mdogo unaokaa ndani ya simu, unauliza "umekula?", halafu unazimika.

Kusema kweli nilikuwa najiona baba mzuri. Mshahara ukiingia, kabla hata sijanunua vocha, natuma. Hela ya uji wa lishe, natuma. Kodi ya nyumba, natuma. Pampasi, natuma. Ukiniandikia saa tano usiku kwamba gesi imeisha, natuma. Sisi Wapare tunataniwa kwamba ni wabahili, na kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi kwenye hela sikuwa hivyo. Ubahili wangu ulikuwa kwenye muda, na huo hakuna aliyenitania nao, maana ofisini kwetu kila mtu anao.

Na ulianza mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Nimewahi kulalamika kuhusu hizo siku kwenye ukurasa huuhuu, na wengi mkaniunga mkono. Ambalo sikuwaambia ni kwamba hata hizo 3 sikuzimaliza. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, laptopu mapajani, nasahihisha kurasa za toleo la mwezi ule. Siku ya tatu nilikuwa ndani ya basi, narudi kazini.

Siku ile mke wangu hakusema neno. Alikuja kulisema usiku wa "mpigie baba", taa zikiwa zimeshazimwa. "Mimi nilishazoea, mume wangu. Naona na mtoto keshazoea."

Hakukuwa na hasira yoyote kwenye sauti yake. Hapo ndipo nilipoumia.

Nikarudi Dar, nikaomba likizo yangu ya mwaka yote, siku 28 ambazo sheria hiyohiyo inazitaja, bila kuigawa. Bosi akaniuliza kama naenda kujenga. Nikamwambia ndiyo.

Same ni mji wa joto, upepo na vumbi. Milima ya Upare imesimama pale juu, mawingu yananing'inia huko, mvua inanyesha huko, sisi wa chini tunaiangalia tu. Mke wangu alikuwa anatoka alfajiri kwenda shule. Dada wa kazi nikampa ruhusa akasalimie kwao. Nikajisemea, kazi gani hii itanishinda, mimi mwenye shahada ya mawasiliano?

Msomaji wangu, chuoni hawakutufundisha namna ya kuwasiliana na mtu wa miaka miwili na nusu aliyegoma kuvaa nguo. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Uji wangu ulitoka na mabonge. Nilimbana nywele mabutu mawili, moja likakaa juu ya sikio, la pili sijui lilielekea wapi. Kila nikimwita anakuja hadi nusu ya chumba, anasimama, ananitazama kama mgeni ambaye hajui ataondoka lini.

Siku ya nne, makande yakatuokoa. Kwa asiyejua, makande ndicho chakula chetu Wapare: mahindi yaliyokobolewa na maharage, sufuria moja, jiko la mkaa, na subira. Hata ukiloweka usiku kucha, bado utakaa saa kadhaa. Tukakaa nje kivulini, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, tunapepea moto. Saa ya kwanza nilikuwa nachungulia barua pepe za ofisini. Moto ukafifia. Nikahisi kiganja kidogo kinanipiga gotini.

"Baba! Moto!"

Ndivyo nilivyoitwa baba kwa mara ya kwanza uso kwa uso, nikiwa nagombezwa.

Simu nikaiweka ndani. Muda uliobaki tukazungumza mambo ya maana sana: kwa nini moshi unamfuata yeye tu, kuku wa jirani analala wapi, na kama maharage yana mama yao. Makande yalipoiva alikuwa amelala mapajani mwangu. Mguu ulishakufa ganzi na sikuusogeza.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Mnaujua ugonjwa wangu wa kamera. Nilikuwa nimepanga nipate picha moja kubwa ya milima alfajiri, kabla jua halijachachamaa. Nikawa natoka naye mabegani. Kila mwanga ukikaa vizuri, yeye ameona mjusi na anataka ashushwe. Likizo imeisha nina picha zaidi ya 200: mijusi, kuku, kandambili moja isiyo na mwenzake, na vidole vyake vikiwa vimeziba lenzi. Mlima umetokea kwenye picha moja, na umepinda. Nimeisafisha, iko mezani kwangu ofisini. Tulifika pia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko karibu kabisa na mji. Twiga wa kwanza alimwita mbuzi mrefu. Sikumsahihisha.

Jumapili ya tatu tukapanda Mbaga kwa wazazi wangu. Barabara inapita Mwembe, kisha ni kona juu ya kona. Joto linabaki chini, migomba inaanza, na wewe unaanza kutafuta sweta. Mzee wangu alikuwa na zamu ya maji siku hiyo, akamchukua mjukuu wake mkono, tukaenda wote kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kijiji, ufundi wa wazee wetu wa Upare. Kijito cha mlimani kina maji kidogo. Ukiyaelekeza moja kwa moja kwenye mfereji, yanaishia njiani, ardhi inayanywa yote. Kwa hiyo usiku yanakusanywa kwenye ndiva, asubuhi yanafunguliwa kwa mkupuo, ndipo yanafika hadi shamba la mbali. Na kila mtu ana zamu yake.

Tukawa tumekaa pembeni tunaangalia maji yakiteremka. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana mimi na mzee huwa tunazungumzia mvua na mpira. Nikamuuliza, "Baba, ule wakati uko bandarini Tanga, ulikuwa unatuwaza?"

Akakaa kimya kidogo. "Mimi nilikufahamu ukiwa darasa la nne," akasema, macho yakiwa kwenye maji. "Kabla ya hapo nilikuwa nakusoma kwenye barua. Mama yako anaandika mtoto ameota jino, mtoto anatembea. Mimi natuma hela, natuma na sabuni. Habari zako zote ninazo, lakini wewe sikujui."

Nikakosa la kusema.

"Wewe unatuma kwa simu," akaongeza. "Inafika haraka kuliko yangu. Haya."

Hiyo "haya" ya mzee wa Kipare, mwenye kuijua anaijua.

Tukiwa tunarudi nyumbani akanikumbusha habari ya Mbiru. Mwaka 1945 wanaume wa Upare kwa maelfu walishuka milimani kwenda Same kupinga kodi ya mbiru waliyotozwa chini ya serikali ya Waingereza, wakapiga kambi huko. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo, kilichotoka mwaka 1971. Lakini sehemu anayoipenda mzee wangu ni ya akina mama. Waume hawarudi, mashamba yanasubiri, na wao wakaamua kuandamana. Inasimuliwa kwamba walimwambia bwana mkubwa wa Kiingereza kinagaubaga: ama amalize ugomvi waume zao warudi, ama yeye mwenyewe awe mume wao wote. Mwishowe kodi ile ilifutwa.

Mzee akacheka mpaka akasimama. Mimi nilicheka nusu. Nilikuwa namfikiria mwanamke mwingine wa Same, wa zama zetu, ambaye hakuandamana kwenda kwa yeyote. Yeye alisema tu kwamba ameshazoea.

Sasa akina baba wenzangu mnaoishi mbali na nyumba zenu, najua mko wengi. Jeshini, migodini, kwenye malori, maofisini. Siwaambii muache kazi, hata mimi sijaacha. Hela lazima itumwe, mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Nawaambia matatu tu niliyojifunza.

La kwanza, siku zako za likizo ni zako, zichukue, tena zikusanye kama ndiva. Siku moja moja ya kupita na mikate inaishia njiani. La pili, ukifika nyumbani chukua kazi moja ya mtoto iwe yako kabisa, kumwogesha au kumlisha, na mama asikusimamie. Uji utakuwa na mabonge, hatakufa. La tatu, muulize mwenzako amezoea nini. Uliza, kisha nyamaza usikilize. Jibu linaweza lisiwe tamu, lakini ni heri ulisikie leo, mtoto akiwa wa miaka miwili na nusu, kuliko kuja kuulizwa na mwanao pembeni ya ndiva ukiwa na mvi.

Na akina mama, naomba niwaambie na ninyi. Msizoee kimya kimya. Tuambieni mapema.

Mimi nimezungumza na bosi. Kuanzia mwezi huu, wiki moja kila mwezi nitahariri gazeti hili nikiwa Same, kwenye meza ya kulia chakula, na intaneti ya kubahatisha. Hakufurahi sana, lakini amekubali kujaribu hadi Desemba. Baada ya hapo sijui. Mke wangu naye amesema tutaona, na ameyasikia maneno mazuri mengi kabla ya haya, kwa hiyo simlaumu.

Jioni ya kwanza nimerudi Dar nikapiga simu ya video kama kawaida, saa moja kamili. Binti akaipokea. Akanitazama sana. Halafu picha ikaanza kuzunguka, nikaona dari, nikaona ukuta, nikaona kidole. Nikamsikia mama yake akimuuliza anafanya nini.

Alikuwa anaigeuza simu, anaangalia nyuma yake. Kisha uso wake ukarudi kwenye kioo, umekunja ndita.

"Baba, toka humo."

Basi ya chakula cha jioni siku hiyo nikayasahau. Nilifungua kalenda.

Tukutane mwezi ujao, na michango ya harusi kama nilivyoahidi.