Kambi za Wapagazi Zisiachwe Zipotee

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora kwa basi siku hizi huupita Mgunda Mkali kwa muda wa saa chache, na pengine huupita akiwa amesinzia. Babu zetu waliivuka nyika hiyo kwa miguu, mzigo begani na maji yakihesabiwa kibuyu kwa kibuyu. Na walipotokea Tura, mlangoni mwa Unyamwezi, walitua mizigo yao na kumshukuru Mungu. Leo hakuna kibao kimwambiacho mpita njia kwamba hapo ndipo watu walipopumzika.

Njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo na kupitia Tabora hadi Ujiji, iliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya mahali ambapo Tanzania inatarajia kupaombea heshima ya Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini orodha haifagii uwanja, haichimbi kisima, wala haimpokei mgeni aliyefika jioni akiwa na watoto waliochoka.

Ombi letu ni dogo. Katika kila kituo hicho, na katika vijiji vingine vilivyo kando ya njia, itengwe kambi moja ndogo na tulivu ya wasafiri. Pawe na maji safi, choo, jiko la kupikia, kivuli cha miembe, na nafasi ya kupiga mahema machache. Itunzwe na familia ya pale pale kijijini, kwa makubaliano na serikali ya kijiji, ili ada ya mgeni ibaki kijijini.

Wako watakaosema kwamba wazo hili ni la kigeni, la watalii wenye magari yao. Hawakumbuki historia yao wenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtu wa kutangatanga peke yake. Aliondoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, akabeba pembe au nguo za uzito wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Na mara nyingi nyuma yake alifuata mke wake akiwa na chungu, mkeka na unga, na pengine mtoto mgongoni. Jioni msafara ulipofika kambini, boma la miiba lilitengenezwa, vibanda vya nyasi vikasimamishwa, na wapagazi wakagawanyika katika vikundi vya chakula, kila kikundi na moto wake. Msafara uliofuata ulikuta boma lile lile na ukalitumia. Basi kambi ya familia njiani ni jambo tulilolijua kabla gari halijatengenezwa.

Na safari yenyewe haikuwa fupi. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kaze wakati huo, mwezi wa Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi katika njia hii ilifikia mwisho wake, na boma za miiba zikaoza. Hatuililii kazi ile, kwa maana ilikuwa ngumu na iliua wengi. Tunachosikitikia ni kwamba waliotumika katika kazi hiyo wamesahauliwa, na mahali walipolala pamesahauliwa pamoja nao.

Twende Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora. Hapo lipo tembe ambalo Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Tembe hilo limehifadhiwa, na ni haki lihifadhiwe. Lakini tujiulize: ni watoto wetu wangapi wanaomjua Halima, mpishi aliyekuwamo katika msafara wake wa mwisho? Ni wangapi wajuao kwamba mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao walifika Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti ya bwana wao, na kwamba Cameron alipowashauri waizike hapo hapo, walikataa? Waliendelea na safari hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Uamuzi ule ulikuwa wao, na ulikatwa katika ardhi ya Tabora. Mgeni anayelala usiku mmoja chini ya miembe ya Kwihara, na asubuhi akasimuliwa habari hiyo na mwenyeji wake, ataondoka na jambo ambalo hawezi kulipata kwa kupiga picha dakika kumi na kwenda zake.

Ipo hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Wapo wasemao kwamba njia hii ilikuwa njia ya utumwa, na kwamba si vema kuweka mahali pa starehe pale walipopita watu wenye minyororo shingoni. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba watumwa walipitishwa katika njia hiyo hiyo na kulala katika kambi zizo hizo, na utajiri wa baadhi ya matembe ya Tabora ulitokana na jasho na damu yao. Kwa sababu hiyo tunasema kambi hizi zisiwe mahali pa ngoma za usiku na vileo. Ziwe mahali pa utulivu. Simulizi itolewayo hapo isiwachanganye mpagazi aliyekwenda kwa ujira na mtumwa aliyeburutwa, wala isimfiche mmoja ili kumpamba mwingine. Kuiacha njia imezwe na vichaka hakumheshimu mtumwa. Kunamzika mara ya pili.

Wengine watauliza kwa nini isijengwe hoteli kubwa. Jibu letu ni kwamba hoteli kubwa huhitaji fedha nyingi na mwenye mtaji kutoka mbali, na mwanakijiji huishia kuwa mlinzi wa lango. Kambi ndogo huhitaji kisima, ufagio na watu waaminifu. Ikishindwa, hasara ni ndogo. Ikifaulu, atakayefaidika ni mkulima auzaye asali, maembe na kuku kwa wapitao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa nafasi ya kutangaza na kulinda mahali pa kumbukumbu. Hata hivyo, sheria hulinda kile tu kinachojulikana. Mwembe wa zamani ukikatwa kwa mkaa na mtu asiyejua uliwapa nani kivuli, hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Kwa hiyo tunazishauri halmashauri za wilaya zilizo katika njia hii zianze na kazi isiyohitaji bajeti kubwa: wazee wakae na walimu na wanafunzi, wazionyeshe kambi za kale, visima na miembe, na mahali hapo pawekwe alama. Wizara inayohusika na mambo ya kale itoe mwongozo wa simulizi, ili kila kituo kiseme ukweli. Kisha kijiji kimoja kithubutu, na vingine vitajifunza kwake.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Unyanyembe ilikua kwa kuwapokea wageni, wema na wabaya, kwa muda mrefu. Sasa wakati umefika wa kuwapokea kwa masharti yetu wenyewe, chini ya miti yetu, na kwa simulizi yenye majina ya watu wetu.