Neno Zito Likae Juu



Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilifiwa. Mazishi yalipangwa saa kumi jioni, kisha wazee wakaamua yafanyike saa sita mchana. Mimi ndiye katibu. Niliandika ujumbe katika kundi letu la WhatsApp, nikaridhika kwamba nimewajulisha wote.

Baada yangu zikaja pole. Mmoja aliandika sala, mwingine akatuma picha ya mshumaa. Zote zilitoka moyoni, lakini ziliufunika ujumbe wangu. Mwenzetu mmoja alishuka kwenye basi saa tisa, kanga kiunoni, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Marehemu alikuwa rafiki yake tangu utoto. Hakunilaumu. Alisema tu, "Sikuuona, dada."

Kumbe dawa ilikuwepo. Tangu Desemba 2023, WhatsApp ina njia ya kubandika ujumbe juu ya mazungumzo. Bonyeza ujumbe bila kuachia kidole, fungua orodha, chagua kubandika. Utaulizwa muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Hata zije pole mia moja, ujumbe huo utabaki juu.

Lakini angalia mambo matatu. Kwanza, pale juu huonekana maneno machache tu ya mwanzo. Basi anza na jambo lenyewe: "Mazishi ni saa sita." Salamu zifuate.

Pili, usibandike kila kitu. Mama akiwaambia watoto kwamba kila kazi ni ya haraka, hakuna itakayofanywa haraka. Weka juu saa ya mazishi, siku ya chanjo, au mgonjwa anayehitaji damu. Jambo likipita, libandue, maana tangazo lililopitwa na wakati hupoteza watu.

Tatu, wako wenzetu wenye simu ndogo, na wengine hawana bando. Hao wapigie, au mtume mtoto mlangoni kwao.

Nilimwendea yule mwenzetu, tukaenda pamoja kaburini. Tulikaa pale kimya hadi jua likapungua. Saa ile aliyoikosa sikuweza kumrudishia.

Je, mama, katika kundi lenu leo, ni neno gani zito lililofunikwa na salamu? Litafute kabla hujalala.