Keria, Kioo cha Paani na Namba Ambayo Fundi Hakuambii

Haya wasomaji wangu, leo tuziache seva na programu zipumzike. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu paa la gari. Vumilieni tu, kwa sababu ni ugonjwa ule ule tunaoulalamikia kila siku kwenye kompyuta: kitu kina kikomo, kikomo kimeandikwa, na hakuna anayekisoma.

Hoja yangu ni moja, naiweka hapa juu ili mwenye haraka aondoke nayo. Fundi au muuzaji yeyote anayekufungia keria au sanduku la mizigo juu ya gari bila kukutajia KILO ambazo paa lako linaruhusiwa kubeba, hajamaliza kazi. Usimlipe. Na kama gari lako lina kioo paani, usimkubalie hata aliguse paa kabla hajaitaja.

Desemba iliyopita mjomba wangu alitaka keria. Gari lake ni steshenwageni ya Kijapani yenye munrufu, yaani kile kioo cha paani kinachofunguka ambacho wengi wetu tunakiita sanrufu. (Jina munrufu lilianzishwa na Ford kwa gari la Lincoln Continental Mark IV la mwaka 1973, kutofautisha kioo na lile bamba la chuma la zamani. Sasa mnajua.) Tukaenda gereji moja hapa Nakuru. Nikamwuliza fundi, "Mzee, hili paa lina kioo. Linabeba kilo ngapi?"

Akacheka. "Kijana, mimi nimefunga keria tangu siku za Pijo. Wewe beba unachotaka."

Basi tukabeba tulichotaka. Magunia mawili ya viazi kutoka Molo, tukashuka Njoro, tukapita Nakuru, tukashika njia ya Nairobi. Giza lilikuwa limeingia. Kabla ya mizani ya Gilgil tukaruka tuta moja ambalo mjomba hakuliona, na juu yetu kukalia PAA! Chuma cha katikati cha keria, ambacho fundi alikuwa amekipitisha juu ya kioo na kuacha nafasi ya kidole kimoja, kilikuwa kimepinda na kukigonga kioo. Kioo chote kikawa punje.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka 4, alikuwa amelala kiti cha nyuma chini ya kioo hicho. Pazia la paani lilikuwa limefungwa nusu, likazuia punje nyingi, lakini si zote. Tulisimama kando ya barabara tukamulika simu, tukaokota kioo kwenye nywele zake punje moja moja huku akilia. Hakukatwa. Tulishukuru Mungu. Lakini mimi niliposhukuru nikaanza pia kupiga hesabu.

Mbele yetu malori yalikuwa yamepanga foleni kwenye mizani. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa lenye ekseli 7, na ukizidisha unalipa. Lori linapimwa ekseli kwa ekseli! Gari dogo lenye mtoto ndani na viazi juu linapita pembeni, hakuna anayeuliza chochote.

Sasa njooni tuhesabu pamoja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Tuseme mkulima wa Molo alikuwa mwaminifu. Magunia mawili, kilo 100. Keria yenyewe ya chuma cha kuchomelea niliipima baadaye: kilo 20 na ushei. Jumla kilo 120.

Usiku ule nikatoa kitabu cha gari kwenye kisanduku cha dashibodi. Kimeandikwa Kijapani, bila shaka, na tangu gari liingie nchini hakuna aliyewahi kukifungua. Nikapiga picha kurasa za mizigo, simu ikatafsiri. Namba ilikuwepo siku zote: kilo 75.

Tulizidisha kwa kilo 45. Mjomba akasema, "Sasa si ungeniambia?" Nikanyamaza, kwa sababu mimi niliuliza swali, nikapewa kicheko, nikakubali kicheko kama jibu. Hapo kosa ni langu pia.

Tuongee habari ya masanduku, maana yanazidi kuonekana mjini. Ukienda kununua unaambiwa LITA. Lita 400! Lita 450! Inaingia mizigo ya familia nzima! Ndiyo, inaingia. Lakini paa halibebi lita, linabeba kilo. Chukua gari la kawaida lenye kikomo cha kilo 75. Vyuma viwili vya kukingama, kama kilo 6. Sanduku tupu la ukubwa huo, kama kilo 20. Kwa magari mengi vyote hivyo vinahesabiwa ndani ya zile 75. Zimebaki kilo 49. Yaani haibaki nafasi hata ya gunia moja halali la viazi! Na sanduku hilo la lita 400 ukilijaza viazi litachukua zaidi ya kilo 200 bila kulalamika.

Sisi watengenezaji wa programu tunajua jambo hili. Ukimpa mtu kisehemu cha kujaza kinachokubali namba yoyote, ataweka namba yoyote. Huwezi kumlaumu mtumiaji peke yake wakati aliyetengeneza hakuweka ukaguzi. Sanduku la lita 400 juu ya paa la kilo 75 ni kisehemu kisicho na ukaguzi, na anayekiuza anajua.

Tena kuna namba tatu, si moja: ya paa, ya vyuma na ya sanduku. Inayotawala ni ile NDOGO kuliko zote. Muuzaji atakuonyesha ile kubwa.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Pijo. Sisemi alidanganya. Pijo 504 na Land Rover za zamani zilikuwa na mfereji wa maji wa chuma uliozunguka ukingo wa paa, na keria iliushika mfereji huo kwa miguu mingi, mzigo ukagawanyika. Ujuzi wake ulikuwa sahihi kwa gari lile. Magari mengi ya leo hayana mfereji huo. Yana reli, au matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya vifuniko, au hayana kitu na keria inabana kwenye ukingo wa mlango. Gari limebadilika, mazoea hayakubadilika. Anapokosa pa kushika anachukua drili. Na hapo kwenye gari la munrufu ndipo balaa linapoanza, kwa sababu tatu.

Moja, maji. Wengi wanadhani ule mpira wa pembeni unazuia maji yote. La! Munrufu imetengenezwa ikijua maji yataingia. Kuna mfereji uliozunguka kioo chini ya ukingo, na kwenye pembe zake kuna mirija inayoteremka ndani ya nguzo za gari na kumwaga maji nje chini. Toboa tundu mahali pasipofaa, au bana mrija, na mvua ya Aprili itaishia kwenye dari, kisha kwenye zulia, kisha kwenye nyaya na visanduku vya umeme vilivyo chini ya zulia. Utabadilisha betri mara tatu kabla ya kugundua kuwa ugonjwa uko paani.

Mbili, mifuko ya hewa. Magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa ya pembeni iliyokunjwa kandokando ya paa, juu ya milango, ili ilinde vichwa vya abiria. Hapo hapo ndipo drili inapoingia. Anayetoboa hapo bila kujua kilicho chini anacheza na vichwa vya abiria.

Tatu, nafasi. Kuna kioo kinachoteleza ndani, kati ya paa na dari, na kuna kinachoinuka na kuteleza JUU ya paa. Hiki cha pili kitagonga chuma cha keria siku mtu atakapobonyeza swichi kwa kusahau. Hata kile cha ndani huinua mkia kinapofunguliwa kidogo kuingiza hewa. Na kama tulivyoona Gilgil, si lazima ukifungue. Chuma kikipinda kitakifuata kioo kilipo.

Najua watakaonijibu. Kundi la kwanza litasema: basi gari la kioo paani lisifungwe keria kamwe. Hapana, huo nao ni uvivu. Nguvu ya paa haiko kwenye kioo, iko kwenye fremu ya chuma, reli na nguzo. Tesla Model Y paa lake karibu lote ni kioo, na kwa keria yake mtengenezaji anaruhusu kilo 75. Ila si kila gari lenye kioo kikubwa linaruhusiwa sawa na ndugu yake lisilo na kioo, kwa hiyo ni lazima usome ya gari LAKO, la mwaka wako, lenye paa kama lako. Rangi sawa na jina sawa havitoshi.

Kundi la pili litasema: mbona watu wawili wanalala kwenye hema juu ya paa kule Naivasha na paa halivunjiki? Kwa sababu gari limesimama, jamani! Kilo 75 ni za gari linalotembea. Ukiruka tuta, mzigo unakandamiza kuliko uzito wake. Ukikata kona ya Mai Mahiu unavuta pembeni. Na upepo hauongezeki polepole, unaongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nguvu ya upepo kwenye sanduku inakaribia kuwa mara mbili.

Kundi la tatu litasema keria ya kununua ni ghali, ya jua kali ni bei ya mwananchi. Nakubali. Sijasema mnunue ya Ulaya. Nimesema fundi aipime, aijue, na aiandike. Kuandika namba hakugharimu kitu. Rangi ya kopo moja inatosha keria mia.

Kwa hiyo, kabla hamjafunga:

1. Tafuta namba ya paa kwenye kitabu cha gari. Ni Kijapani? Simu yako inasoma Kijapani kuliko wewe.
2. Kampuni kama Thule na Yakima zina orodha za bure mtandaoni za kulinganisha gari na keria. Zinauliza hata aina ya paa. Zisome hata kama hununui kwao.
3. Usikubali drili. Kama gari halina pa kushika, tumia ya kubana iliyotengenezwa kwa gari hilo.
4. Vyuma vikishafungwa, kabla ya mzigo, fungua kioo polepole hadi mwisho na ukiinue mkia, mtu mmoja akitazama kwa nje. Kikikaribia kugusa, basi kisifunguliwe tena mpaka keria itoke. Toa fyuzi yake kabisa.
5. Pima mzigo. Vizito viingie buti, vyepesi viende juu.
6. Simama baada ya kilomita chache, kagua bolti na mikanda.

Na kwa wakubwa: tuna kanuni ya KS 1515 inayokataa gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na gari linakaguliwa kabla halijapanda meli. Tunajua mwaka lilipozaliwa. Tushindweje kumlazimisha anayeliuza abandike karatasi moja ya Kiswahili kwenye mlango: paa hili mwisho kilo kadhaa? Ukubwa wa kiganja tu. Fundi ataiona, mjomba ataiona.

Mpaka siku hiyo, swali ni letu kuuliza. Mimi niliuliza mara moja nikachekwa, nikanyamaza. Safari hii nilirudi kwa fundi yule yule, kwa adabu, nikiwa na kitabu mkononi na kile chuma kilichopinda. Hakucheka. Alichukua chaki akaandika 75 ukutani, karibu na mahali anapotundika spana zake.

Ni gari moja tu, na hiyo ni chaki. Lakini ni mwanzo. Haya, nimesema.