Clara Schumann na Ngoma za Karatu

Wako watu wasemao kuwa ngoma za Karatu zimeangukiwa na bahati. Mji ule, wasema, ni mlango wa Ngorongoro, na kila mgeni aendaye kutazama simba na faru wa kreta hana budi kupita pale. Mgeni ana fedha, mwenyeji ana ngoma. Basi mwenyeji na aifupishe ngoma yake, aipambe, aicheze robo saa kabla ya chakula cha jioni, apate riziki yake na kwenda zake. Mtu apingaye neno hili huambiwa mara moja kuwa ashibaye hamjui mwenye njaa. Makala haya yanalipinga, na shahidi wake ni mwanamke wa Kijerumani aliyeijua njaa mlangoni pake, akaishi kwa vidole vyake juu ya piano muda wa miaka sitini na zaidi, wala hakuikata sanaa yake vipande ili iwafae wenye haraka. Jina lake ni Clara Schumann.

Huenda msomaji akauliza: Leipzig na Karatu, wapi na wapi? Jibu ni kuwa ujamaa wa sehemu hizi mbili si wa jana. Mwaka 1892, Clara alipoacha kazi ya ualimu kwa uzee, Oscar Baumann, Mwaustria aliyesafiri kwa gharama za kamati ya Kijerumani, aliteremka katika kreta ya Ngorongoro, akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, mji aliozaliwa Clara, walifika Kilimanjaro. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga ng'ombe ndani ya kreta yenyewe, na baada ya vita walowezi wa Kijerumani walilima kahawa Oldeani. Kutoka Ujerumani zilikuja nyimbo za kanisa, mibuni na mipaka ya mashamba. Jambo moja halikuja nazo, nalo ni habari ya jinsi Wajerumani wenyewe walivyoifanya sanaa yao iheshimiwe. Sanaa ile ililetwa kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika, na mwenyeji akafundishwa kuamini kuwa yake ni mchezo tu.

Haikushuka kutoka mbinguni. Clara Wieck alizaliwa tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu na mfanyabiashara wa piano, na binti yake alikuwa tangazo la biashara yake. Mtoto alifundishwa kila siku, akapandishwa jukwaani katika ukumbi wa Gewandhaus mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka tisa, kisha akazungushwa mji kwa mji hata Paris. Mapato yalishikwa na baba. Hata shajara ya mtoto iliandikwa na baba, tena kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ni binti asemaye. Na alichopiga katika miaka ile ya mwanzo kilikuwa hasa tungo za akina Herz na Pixis, tungo za vidole vyepesi na kelele tamu, zilizopendwa kwa kuwa zilishangaza wala hazikumtaka msikilizaji kufikiri. Huo ndio uliokuwa muziki wa wenye haraka wa zama zile. Atakaye kujua mtoto wa Kimaasai arukaye juu mbele ya kamera kando ya barabara ya Ngorongoro anafanana na nani katika historia ya Ulaya, na amtazame Clara Wieck wa miaka tisa.

Lakini Clara hakubaki hapo. Alipokwenda Vienna katika majira ya baridi ya 1837 na 1838, aliweka mbele ya hadhira yake Beethoven na Bach, kazi ambazo wengi waliziona ni nzito mno kwa ukumbi wa starehe. Hadhira haikukimbia. Mtunzi wa mashairi Grillparzer alimtungia shairi, na mfalme akampa cheo cha mpiga piano wa baraza lake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Wenye hoteli wa Karatu wasemao kuwa wageni hawawezi kustahimili kitu kirefu, na waizingatie habari hii. Ladha ya hadhira haikuumbwa pamoja na hadhira. Hufundishwa, na afundishaye ni msanii, ikiwa amepewa nafasi ya kusimama kama msanii wala si kama pambo la meza.

Kisha yakaja majaribu. Clara alimpenda Robert Schumann, mtunzi wa muziki. Baba akakataa, na shauri likafika mahakamani. Waliooana walioana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla ya bibi arusi kutimiza miaka ishirini na mmoja. Alizaa watoto wanane, na mmoja akafa mchanga. Februari 1854 mumewe alishikwa na wazimu, akajitupa katika mto Rhine, akaokolewa na kupelekwa hospitali; mtoto wa mwisho alizaliwa Juni mwaka ule ule. Robert alikufa Julai 1856. Mjane akaachiwa watoto saba. Marafiki walitaka kumchangia, naye hakupenda kuishi kwa michango. Alichukua njia: Ujerumani, Uingereza, Uholanzi, Austria, Urusi, mwaka baada ya mwaka, mpaka onyesho lake la mwisho huko Frankfurt mwaka 1891. Ikiwa pana mtu aliyekuwa na udhuru wa kurudi kwa Herz na Pixis ili ajaze ukumbi, ni huyu. Hakurudi. Katika miaka ile ya dhiki ndipo alipowazoesha watu kusikiliza kazi za marehemu mumewe na za Brahms, ambazo wakati ule hazikuwa na soko la hakika. Alikula kwa sanaa, na sanaa haikuliwa.

Basi tuitazame Karatu. Wilaya ile na nyanda za Ngorongoro ni ghala ambalo nchi chache zina mfano wake. Wapo Wairaqw, wasemao lugha ya Kikushi. Wapo Wadatoga na Wamaasai, wasemao lugha za Kiniloti. Na katika bonde la Eyasi wapo Wahadzabe, watu elfu moja na ziada, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu popote duniani. Wairaqw wana slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano, na mkutano humwitikia kwa sauti moja, wakiomba mvua, amani na uzima wa watu na mifugo. Mzee asiyejua mafumbo yake hawezi kuiongoza. Wahadzabe wana epeme, ambayo huchezwa usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa. Wanawake huimba, na wanaume hucheza mmoja baada ya mmoja gizani, kengele na kayamba zikiwatangulia. Wamaasai wana uimbaji ambao, kwa desturi yake, hauhitaji ngoma hata moja. Kifua na koo hutosha.

Katika hayo yote, ni kipi kinachofaa kwa robo saa kabla ya chakula? Slufay haifai, kwa kuwa ni neno, na mgeni haelewi neno. Epeme haifai, kwa kuwa giza lake halipigiki picha. Kinachobaki ni kuruka, kupiga makofi na kuvaa shanga. Mgeni huondoka Karatu alfajiri, hufika Mangola kulipopambazuka, huwafuata wawindaji, hutazama mchezo wa dakika chache, na adhuhuri amekwisha kurudi hotelini akiamini kuwa ameiona sanaa ya Wahadzabe. Hakuiona. Na dhara kubwa haliko kwa mgeni, aliyekuja kwa siku mbili. Liko kwa kijana wa Kihadzabe, ajifunzaye kuwa sehemu ya urithi wake yenye thamani ni ile tu ilipwayo, na ile isiyolipwa ni mzigo wa wazee. Soko limekuwa mwalimu wake, na mwalimu huyu hana subira.

Atatokea msomi aseme kuwa mlinganisho huu haufai, kwa sababu muziki wa Clara umeandikwa katika nota, na ngoma za Karatu hazikuandikwa. Hoja hii ina sura ya elimu tu. Clara alikuwa miongoni mwa wapiga piano wa kwanza waliozoea kupiga mbele ya watu bila karatasi, kwa kichwa. Na kile alichowarithisha wanafunzi wake hakikuwa karatasi, maana karatasi iliuzwa dukani kwa kila mtu. Mwaka 1878 aliitwa kufundisha katika Chuo cha Hoch cha Frankfurt, akafundisha miaka kumi na minne. Binti zake Marie na Eugenie waliwatayarisha wanafunzi, kisha yeye akawapokea. Fanny Davies, Leonard Borwick na Adelina de Lara walitoka Uingereza kwenda kukaa karibu naye, waone mkono unavyokaa na wasikie sauti inavyotoka, kama vile kijana akaavyo karibu na mzee wa slufay. Nota ni kumbukumbu. Mwalimu ndiye njia. Karatu haikukosa nota. Imekosa mahali ambapo mzee hulipwa kwa kufundisha kama anavyolipwa kijana kwa kuruka.

Pana jambo jingine, nalo ni la majina. Vipeperushi huita yote haya ngoma za asili, hata ziimbwazo bila ngoma, na neno asili hufanya kazi ya ujanja: huifanya sanaa ionekane kama maji ya chemchemi, yachotwayo na kila mtu kwa kuwa hayakutengenezwa na mtu. Clara mwenyewe alionja sumu ya namna hii. Aliandika tungo njema tangu utotoni. Utunzi wake wa piano na okestra ulipigwa Gewandhaus mwaka 1835, Mendelssohn akiongoza. Lakini alikua katika ulimwengu uliosema kuwa mwanamke hupiga na mwanamume hutunga, na mwaka 1839 aliandika katika shajara yake kuwa ameacha kuamini kuwa ana kipaji cha kutunga. Baada ya kifo cha mumewe karibu hakutunga tena. Mtu aambiwaye kuwa jinsi yake haibuni hukoma kubuni, na kabila liambiwalo kuwa sanaa yake haina mtunzi hukoma kuzaa watunzi.

Haki itendeke: Clara alikuwa na vitu ambavyo msanii wa Eyasi hana. Alikuwa na kumbi, wachapishaji, magazeti, reli na chuo. Lakini hivyo vyote ni kazi za mikono ya watu, na viwezavyo kujengwa Frankfurt vyaweza kujengwa Karatu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo haikusahau sanaa za jadi. Ina chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981, na katika mkoa ule ule wa Arusha muziki hufundishwa hata shahada huko Makumira. Ipo hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959, ambayo hukusanya ushuru kwa kila gari lipitalo lango la Lodoare. Faru wana walinzi wenye mshahara, na hiyo ni haki yao. Slufay haina mlinzi hata mmoja. Na tangu 2022, kaya nyingi za Wamaasai zilipoondoka hifadhini kwenda Msomera, kwa uhamisho uliozua mabishano makubwa, swali la nani atamfundisha nani, na katika mkusanyiko upi, limekuwa swali la haraka.

Yatakiwayo si mengi. Wazee wajuao waajiriwe kufundisha watoto katika shule za Karatu na Ngorongoro, kwa lugha zao, kwa mshahara unaolingana na ujuzi wao. Kila onyesho hotelini litaje jina la kiongozi wake na la kazi inayochezwa, kama karatasi za maonyesho ya Clara zilivyotaja. Malipo yaandikwe katika mkataba na kuingia mkononi mwa wachezaji, yasikae kwa wakala kama mapato ya Clara yalivyokaa kwa baba yake. Yaliyo matakatifu yaachwe gizani kwake. Na usiku mmoja katika juma, mgeni aalikwe kukaa saa mbili nzima, afasiriwe maneno, asikilize. Atakayechoka na aende akalale. Kesho kuna simba. Atakayebaki atakuwa ameikuta Karatu, na kijana atakayemwona amebaki atajua kuwa kile kirefu cha babu yake kina msikilizaji.